Vigezo vya Kuchagua Ruta ya Useremala kwa Matumizi ya Mkononi na ya Mezani

1.0 Utangulizi

Ruta ya useremala ni mashine ya umeme inayozungusha biti kwa kasi kubwa ili kuchonga mifereji, kuremba kingo na kutengeneza viungo vya mbao. Katika karakana ndogo ambayo mtaji wake unatosha mashine moja tu, ni rahisi uteuzi kuongozwa na bei na kiwango cha wati pekee. Makala haya yanafafanua kuwa swali linalopaswa kutangulia ni kipi kitakachosogea wakati wa kazi: mashine juu ya mbao, au mbao juu ya mashine.

2.0 Matumizi ya Mkononi

Mashine inaposogezwa kwa mikono, uzito na uthabiti wake ndivyo vigezo vya kwanza. Ruta ndogo ya takribani wati 700, yenye kibanio cha biti cha milimita 6.35, hutosha kuremba kingo na kuchimba mahali pa bawaba. Kwa matundu ya viungo na mifereji inayoanzia katikati ya ubao, hufaa kitako cha kuzama, kwa kuwa biti hushushwa wima huku kitako kikiwa kimetulia juu ya mbao.

3.0 Matumizi ya Mezani

Ruta inapopinduliwa na kufungwa chini ya meza, uzito haumchoshi tena fundi. Kinachohitajika ni nguvu na urahisi wa kurekebisha kimo cha biti. Kitako kisichozama hurahisisha marekebisho hayo, ilhali springi za kitako cha kuzama huweza kuyatatiza.

Biti kubwa za kuchonga paneli za milango huhitaji shina nene. Shina la milimita 12.7 lina kipenyo mara mbili ya lile la milimita 6.35, lakini ukinzani wake dhidi ya kupinda ni mara 16. Aidha, biti yenye kipenyo cha milimita 50 ikizunguka mara 24,000 kwa dakika, makali yake husafiri takribani mita 63 kwa sekunde. Ikizunguka mara 12,000, kasi hiyo hushuka hadi mita 31. Kwa mantiki hiyo, kidhibiti cha kasi ni sharti la usalama, si anasa.

4.0 Usalama na Ulinganifu

Ikishikwa mkononi na kutazamwa kutoka juu, biti huzunguka kwa kufuata mwendo wa saa. Mezani huonekana ikizunguka kinyume chake. Hivyo, mezani mbao husukumwa kutoka kulia kwenda kushoto, dhidi ya mzunguko wa biti. Ikisukumwa kinyume cha hapo, biti huweza kuinyakua mbao na kuvuta vidole vya fundi.

Vilevile, shina la milimita 12 halibanwi kwa usalama katika kibanio cha milimita 12.7, ingawa tofauti hiyo haionekani kwa urahisi. Mashine iliyotengenezwa kwa umeme wa volti 120 wa Marekani nayo huungua ikiunganishwa moja kwa moja na volti 230 za Tanzania.

5.0 Hitimisho

Fundi anayeremba kingo pekee hana haja ya ruta kubwa. Anayetengeneza milango na samani kwa mashine moja atafaidika zaidi na ruta ya wati 1,500 au zaidi, yenye kidhibiti cha kasi, vibanio vya vipimo viwili na vitako viwili vinavyobadilishana: cha kuzama kwa kazi ya mkononi, na kisichozama kwa kazi ya mezani.