Kifaa chenye mionzi kikiharibika: mkazi afanye nini?

Katika miradi ya barabara, wakazi wengi wamewahi kumwona fundi akiweka chini kifaa chenye mpini mrefu, akisubiri kama dakika moja, kisha akikihamisha. Kifaa hicho hupima iwapo udongo au lami imeshindiliwa vya kutosha. Aina nyingi zina chembe ya seziamu-137, ambayo hutoa mionzi. Wanaokagua mabomba na matangi nao hutumia iridiamu-192 kupiga picha za viungo vilivyochomelewa.

Kikiwa kizima na mikononi mwa aliyefunzwa, kifaa hiki hakina sababu ya kuogopwa. Chembe hukaa ndani ya kinga ya madini mazito, hutolewa wakati wa kupima tu, kisha hurudishwa. Hatari huja isiporudi: matope yameziba kilango chake, rola imekanyaga kifaa, au waya unaoisukuma umeachana nayo. Redio ikiharibika hunyamaza, lakini mionzi haina swichi. Nguvu ya iridiamu-192 hupungua nusu kwa siku 74 hivi. Ya seziamu-137 huchukua miaka 30 hivi.

Mwaka wa 1984 huko Mohammedia, Morocco, chembe ya iridiamu ilichomoka kwenye waya wake katika ujenzi wa kituo cha umeme, ikaanguka chini bila kujulikana. Mtu aliiokota akaenda nayo nyumbani. Watu wanane walifariki, na mwanzoni ilidhaniwa ni sumu. Mionzi haionekani, hainuki, wala haimchomi mtu papo hapo.

Ukikuta kifaa au kasha lenye alama ya mabawa matatu meusi kwenye rangi ya manjano, au kipande cha chuma usichokijua karibu na eneo la kazi kama hiyo:

1. Usikiguse, usikifungue wala kukitia mfukoni. Usikiuze kama chuma chakavu.
2. Ondoka hapo na uwazuie wengine, hasa watoto. Ukiongeza umbali mara mbili, mionzi inayokufikia hupungua hadi robo.
3. Mwarifu msimamizi wa mradi, chifu, au polisi kwa nambari 999 au 112. Eleza mahali hasa na ulichoona.
4. Kama ulikishika, nenda hospitali na umwambie daktari waziwazi, hata kama hujisikii mgonjwa. Ngozi inaweza kuanza kuwa nyekundu au kutoa malengelenge siku kadhaa baadaye.

Kwa mafundi: kifaa kikigongwa, simamisha kazi, zuia watu wasikaribie, na usiondoe gari lililokikanyaga mpaka afisa wa usalama wa mionzi alipime. Usijaribu kukirekebisha wala kurudisha chembe kwa mkono.

Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Nyuklia ya 2019, anayemiliki au kutumia vifaa hivi lazima awe na leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia nchini (KNRA), na kifaa kikipotea au kuharibika ni lazima atoe taarifa.

Mkazi asiogope kupiga ripoti kwa kudhani atachekwa. Likiwa kasha tupu, hakuna kilichopotea. Likiwa na chembe ndani, simu hiyo moja inaweza kuokoa boma zima.