Mkono wa Asmara Ughaibuni

Kila Mweritrea anayeishi nje, awe dereva wa teksi Washington, muuguzi Stockholm au mfanya usafi hotelini Tel Aviv, anadaiwa na serikali ya kwao asilimia 2 ya kipato chake. Sheria ya kodi hiyo ni ya katikati ya miaka ya 1990, na haijali kama mdaiwa amekwisha kupata uraia wa nchi nyingine wala kama aliondoka kwao akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Kwa msomaji wa Tanzania jambo hili lina ugeni wake, kwa kuwa sheria yetu humhesabu mtu mzima aliyejitwalia uraia wa nchi nyingine kuwa amekwisha kuupoteza wa kwao. Asmara inaona kinyume kabisa: Mweritrea ni Mweritrea popote alipo, na kwa hiyo ana deni popote alipo. Nimeanza na kodi hii kwa makusudi. Tangu mwaka 2022 televisheni zimekuwa zikituonyesha Waeritrea wakirushiana mawe na Waeritrea wenzao katika miji ya Ulaya, Israeli na Kanada, na swali linaloulizwa barazani ni lilelile: kama ugomvi wao ni na Rais Isaias Afwerki, wanautafuta nini Ujerumani? Jibu langu ni kwamba Isaias yuko Ujerumani pia. Serikali yake ilivuka mpaka pamoja na raia zake, na mwandamanaji wa ughaibuni anapambana na kitu alichokikuta mlangoni pake.

Haikuanza kwa mabavu, na asiyelijua hili hawezi kuelewa uchungu uliopo leo. Vita vya kujikomboa kutoka Ethiopia vilidumu miaka 30, kuanzia 1961 hadi 1991, na sehemu kubwa ya nguvu zake ilitoka kwa waliokuwa nje. Tangu 1974 Waeritrea walikuwa wakikusanyika kila kiangazi mjini Bologna, Italia, kwa tamasha lililoandaliwa na chama cha ukombozi cha EPLF. Waliimba, wakacheza ngoma za kwao, wakasikiliza taarifa za mstari wa mbele, wakachangia fedha. Wafanyakazi wa majumbani waliokuwa Italia na Uarabuni walitoa sehemu ya mishahara yao midogo mwezi hadi mwezi. Mwaka 1993 ilipopigwa kura ya maoni, waliokuwa ughaibuni walipiga pia, na asilimia 99.8 ya wapiga kura wote wakachagua uhuru. Asilimia 2 iliyofuata haikumkera mtu wakati ule. Wengi waliilipa kwa fahari, na vita vya mpakani na Ethiopia vilipozuka mwaka 1998 walitoa zaidi ya walichotakiwa. Nchi ilikuwa yao. Waliijenga kwa mikono yao bila kuikanyaga.

Kisha mlango ukafungwa. Katiba iliyopitishwa mwaka 1997 haijatumika hata siku moja. Uchaguzi mkuu wa taifa haujafanyika tangu uhuru. Septemba 2001 viongozi 11 wa ngazi za juu, waliokuwa wamemwandikia rais wakidai mageuzi, walikamatwa, magazeti yote binafsi yakafungwa, na waandishi wake wakatiwa ndani. Mmoja wao, Dawit Isaak, ana uraia wa Uswidi pia. Hajafikishwa mahakamani mpaka leo. Utumishi wa taifa nao, ambao kisheria ni wa miezi 18, ukageuka kuwa kazi isiyo na kikomo. Msomaji aliyepita Jeshi la Kujenga Taifa anaweza kudhani anaijua hali hiyo, lakini haijui. Kijana wa Eritrea humalizia mwaka wake wa mwisho wa sekondari katika kambi ya kijeshi ya Sawa, na baada ya hapo anaweza kuwa askari, mwalimu au kibarua wa serikali kwa posho ndogo hadi aote mvi, bila kuambiwa lini ataachiwa. Mwaka 2016 tume ya uchunguzi ya Umoja wa Mataifa ilisema kuna sababu za kutosha kuamini kwamba uhalifu dhidi ya ubinadamu umetendwa nchini humo, utumwa ukiwa miongoni mwake. Hiki ndicho kilichowakimbiza maelfu kwa maelfu kupitia Sudan na Libya. Meli iliyozama karibu na kisiwa cha Lampedusa tarehe 3 Oktoba 2013 iliua watu zaidi ya 360, wengi wao Waeritrea.

Sasa mtazame aliyenusurika akafika. Amepewa hifadhi, amejifunza lugha, amepata kazi. Siku moja anahitaji cheti cha kuzaliwa ili mkewe aruhusiwe kumfuata, au pasipoti, au karatasi za kumwezesha ndugu yake kusimamia nyumba ya urithi huko kwao. Anakwenda ubalozini. Hapo anaulizwa kwanza risiti za asilimia 2, na anaweza kudaiwa malimbikizo ya miaka yote aliyokuwa nje. Kama alitoroka utumishi wa taifa, anawekewa mbele fomu ya kusaini: kwamba anajutia kosa la kutoukamilisha, na kwamba yuko tayari kupokea adhabu itakayoonekana inafaa. Yaani mtu aliyehifadhiwa kwa sababu aliteswa anatakiwa kukiri kwamba mkosaji ni yeye, na kuahidi kuadhibiwa, kwa mkono wake mwenyewe, katikati ya mji wa Ulaya. Ndiyo maana nasema hakuna “nje” katika ugomvi huu. Ofisi ile ni Eritrea, na karani aliye nyuma ya kioo ana mamlaka juu ya ndoa yake, mali yake na mazishi ya mama yake.

Tamasha nalo limebaki, ila limebadilika sura. Kilichokuwa Bologna mkusanyiko wa watu walionyimwa nchi, leo ni sherehe ya kuisifu serikali: wasanii na maofisa huletwa kutoka Asmara, na fedha hukusanywa. Kijana aliyetoroka Sawa anapousikia muziki ule ukivuma kwenye viwanja vya mji aliokimbilia, haoni utamaduni; anaona aliowakimbia wamemfuata. Julai 2023 mjini Giessen, Ujerumani, waandamanaji walilivamia tamasha na polisi zaidi ya 20 wakajeruhiwa. Mwezi uliofuata mahema yalichomwa moto Stockholm, na ghasia zikazuka Toronto na Edmonton. Tarehe 2 Septemba, Tel Aviv, katika sherehe iliyoandaliwa na ubalozi, polisi walifyatua risasi za moto na watu zaidi ya 100 wakaumia. Wiki mbili baadaye ikawa zamu ya Stuttgart. Februari 2024 magari ya polisi yaliteketezwa The Hague. Wengi wa waandamanaji hawa hubeba bendera ya buluu yenye matawi ya mzeituni, iliyotumika wakati wa shirikisho na Ethiopia kuanzia 1952, kuonyesha kwamba wanachokikataa ni utawala uliopo, na wala si nchi yenyewe.

Kuna wanaowatetea hata kwa mawe hayo, wakisema mtu aliyefungiwa kila njia atapasua ukuta. Mimi siwafuati huko. Kwanza, wanaopigwa mara nyingi ni wazee na kina mama waliokwenda kula na kusikiliza nyimbo, na mkono uliomtesa kijana huyu haukuwa wao. Pili, mawe yameisaidia Asmara. Baada ya Tel Aviv, Waziri Mkuu Netanyahu alidai wahusika wa ghasia wafukuzwe nchini mara moja, na akataka mpango wa kuwaondoa wahamiaji wengine wote walioingia kinyume cha sheria. Wanasiasa wa Ulaya wenye chuki na wageni nao walipata mfano wa bure. Habari haikuwa tena juu ya Sawa na fomu ya majuto, ikawa juu ya wakimbizi wakorofi. Hata hivyo haki ya kulipinga tamasha haifi kwa sababu baadhi wamelipinga vibaya. Na serikali za nchi mwenyeji, zilizoonywa kwa miaka na Waeritrea hawahawa kwamba mikutano ile ni ya kisiasa na ya kuchangisha fedha, zilikuwa na muda wa kutosha wa kusikiliza kabla ya mahema kuwaka.

Pingamizi zito zaidi ni hili: wanaoandamana ni nani kuwasemea Waeritrea wote? Tume ya Umoja wa Mataifa ilipoomba maoni baada ya ripoti yake ya kwanza ya mwaka 2015, ilipokea barua karibu 45,000, na sehemu kubwa zilikuwa za kuilaumu yenyewe na kuitetea serikali. Mjini Geneva Juni 2016 pande zote mbili ziliandamana. Ni kweli, basi, kwamba serikali ina watu wake ughaibuni, na si haki kuwaita wote vibaraka. Wengi ni wa kizazi cha Bologna na watoto wao. Kwao Isaias ni mpiganaji aliyewapa bendera. Walikwisha kupata uraia wa nchi nyingine, hawakuijua Sawa, na wakienda Asmara wakati wa likizo wanakuta mji msafi, tulivu, wenye kahawa nzuri. Lakini wingi wa barua hauwezi kuwa kura, hasa pale ambapo anayenyamaza au kupinga anahatarisha huduma ya ubalozi na usalama wa ndugu zake, ilhali anayesifu hahatarishi chochote. Pima pia nani anaishi na matokeo ya maneno yake. Msifiaji wa Frankfurt haitwi Sawa. Aliyetoroka Sawa anayo ndani ya mwili wake, na wadogo zake wangali huko.

Wadogo hao ndio wanaoleta pingamizi la tatu, lile linalowauma waandamanaji wenyewe: wao wanapiga kelele wakiwa salama, na bei inalipwa nyumbani. Familia za waliokwepa jeshi zimetozwa faini, zimefungwa, zimetolewa hata majumbani mwao. Mwaka 2012 Waziri wa Habari, Ali Abdu, alipoikimbia serikali yake, binti yake Ciham mwenye miaka 15, mzaliwa wa Marekani, alikamatwa akijaribu kutoka nchini, na hajaonekana hadharani tangu hapo. Sidai kwamba hofu hii ina jibu rahisi. Ila tuulize nani mwingine angesema. Oktoba 2017 wanafunzi na wazazi waliandamana Asmara kuitetea shule ya Kiislamu ya Al Diaa isitwaliwe na serikali. Milio ya risasi ikasikika katikati ya mji, na mzee Hajji Musa Mohammednur, aliyeisimamia shule hiyo, akafa kizuizini miezi michache baadaye. Katika nchi ambayo mzee kama huyo hufa kwa kutetea shule, kazi ya kusema huwahamia waliotoka. Wameifanya kwa akili: walipiga simu kutoka nje kwa watu wasiowajua, wakiwaomba wabaki nyumbani Ijumaa jioni, mitaa iwe tupu, jambo ambalo polisi hawezi kumkamata nalo mtu. Wakaanzisha Radio Erena mjini Paris mwaka 2009, ikirusha matangazo hadi Eritrea. Mwaka 2019 mamia walijirekodi kwa video wakitaja majina yao na ya baba zao, kisha wakasema imetosha. Kwa watu waliozoea kuficha nyuso hata kwenye maandamano, kutaja jina la baba lilikuwa tendo kubwa kuliko jiwe lolote.

Na mafanikio? Isaias bado yupo, kwa hiyo anayepima kwa kipimo hicho atasema ni sifuri. Tukipima kwa hoja niliyoanza nayo, yaani mkono wa serikali ulioko nje, hesabu inabadilika. Desemba 2011 Baraza la Usalama lililaani matumizi ya kodi ile katika kuvuruga Pembe ya Afrika, likaitaka Eritrea iache kuikusanya kwa vitisho na ulaghai. Vikwazo vya baraza hilo dhidi ya Eritrea viliondolewa Novemba 2018, baada ya Asmara na Addis Ababa kupatana, lakini hoja ilikwisha kusikika. Kanada ilimfukuza konseli wa Eritrea mjini Toronto mwaka 2013 kwa kuendelea na ukusanyaji baada ya kuonywa. Uholanzi ikamfukuza kaimu balozi Januari 2018. Februari 2020 Mahakama ya Juu ya Kanada iliwaruhusu wakimbizi wa Eritrea kuishtaki kampuni ya Nevsun kwa madai kwamba walifanyishwa kazi kwa nguvu katika mgodi wa Bisha. Kampuni iliyakana, na kesi ikamalizwa kwa makubaliano. Oktoba 2022 mahakama kuu ya masuala ya utawala ya Ujerumani, iliyoko Leipzig, iliamua kwamba mkimbizi asiyetaka kusaini fomu ya majuto asilazimishwe kufanya hivyo ili apate pasipoti. Ujerumani yenyewe impe hati ya kusafiria. Hakuna hata moja kati ya haya lililopatikana kwa kuchoma hema. Yalipatikana kwa watu kukubali kutoa ushahidi, kuhifadhi risiti, na kusimama mahakamani.

Ushindi wa Leipzig unatuonyesha pia mwandamanaji anapaswa kuelekea wapi sasa. Aliyempeleka yule mkimbizi ubalozini hakuwa Isaias. Alikuwa ofisa uhamiaji wa Kijerumani, aliyemtaka apate kwanza pasipoti ya kwao. Waombaji wa kuunganishwa na familia zao bado hukumbana na madai ya namna hiyo, ya vyeti ambavyo ni serikali ya Asmara tu inayoweza kuvitoa. Kila sharti la aina hiyo humrudisha mtu kwenye dirisha lilelile, alipe na asaini. Kwa Waeritrea walioko Kampala, ambako hakuna mahakama ya kuwapokea kama ile ya Leipzig, dirisha hilo ni gumu zaidi kulikwepa. Walioko Berlin, London na The Hague wanaweza kulibana kwa kuzibana serikali zinazowahifadhi, na wengi wao ni wapiga kura huko.