Mbao Kuukuu, Nyaya Mpya

Mwenye fleti ndogo ya Upanga au Keko, Dar es Salaam, anayetaka kuikarabati kwa fedha kidogo mara nyingi hubana matumizi kwenye nyaya na mabomba, kwa kuwa hayo hujificha ukutani, kisha hela yote ikamalizikia kwenye makabati mapya ya MDF, yale ya nyuzi laini za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, ambayo huvimba yakiloa. Naamini mpango huo umekaa kinyume. Nyaya, swichi na mabomba ndivyo vya kununua vipya. Cha kununua kikuukuu ni mbao. Kariakoo na Ilala nyumba za zamani zinaendelea kubomolewa kupisha maghorofa, na humo hutoka milango na fremu za mninga, mvule au mkongo ambazo mtu wa kipato cha kawaida leo hawezi kuziagiza mpya.

Bei si sababu pekee, wala si iliyo kubwa. Mbao huanza kusinyaa unyevu wake unaposhuka chini ya asilimia 30 hivi, na haisinyai sawasawa: kwa kufuata duara za mti husinyaa karibu mara mbili ya inavyosinyaa kutoka kiini kwenda gomeni. Ndiyo maana hujipinda. Mbao nyingi zinazouzwa kwa haraka bado ni mbichi. Fundi seremala akizipiga randa na kuziunga leo, baada ya miezi michache mlango unakwama na maungio yanaachia. Ubao uliokaa miaka arobaini kwenye fremu Kariakoo umeshamaliza kusinyaa, na umezoea hewa hii hii ya pwani. Tena fleti ndogo ina bahati yake hapa. Vipande vya bomoabomoa havilingani, hivyo mjenzi wa nyumba kubwa atahangaika navyo. Lakini mlango mmoja mpana unatosha kutoa meza ya jikoni na rafu mbili.

Wapo wanaosema mbao kuukuu huleta dumuzi ndani. Hofu hiyo ni ya kweli, ila inapimika: gonga ubao juu ya karatasi safi, na ukiona unga mweupe unadondoka kwenye vitundu, uache hapo hapo. Usikubali kuupaka oili chafu kama wafanyavyo kwenye kenchi, maana harufu yake haitoki chumbani na vanishi haishiki juu yake. Wengine husema ufundi wa kung'oa misumari hula akiba yote. Kwa vipande vidogo vyenye misumari mingi wana haki, kwa hiyo chagua vipana na vichache. Pingamizi lenye uzito kuliko yote ni rangi. Rangi za mafuta za zamani huweza kuwa na risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama mwilini. Usiichome rangi hiyo wala kuipiga msasa ikiwa kavu. Ilowanishe, ikwangue nje, watoto wakiwa mbali, na mabaki yake yafungwe kwenye mfuko.

Mabati na dari za asbestosi usizichukue hata ukipewa bure. Na kabla hujanunua mlango wa pili, mwite fundi umeme akague nyaya, umlipe kwa akiba uliyoipata kwenye mlango wa kwanza.