Dereva mgeni na safari ya miji minne: fungu lisilopunguzwa

Imekuwa ada ya vijana wetu wengi, punde wapatapo leseni na gari la kwanza, kutamani safari ndefu. Wanakutana wanne baada ya sala ya Isha, wanatoa kalamu na karatasi, na kabla ya kuagana wamekwisha kuipanga safari ya wiki nzima. Hatuoni ubaya wowote katika hilo. Kutembea katika ardhi na kuona miji ya watu kumehimizwa, na kijana aliyeiona nchi yake kwa macho huizungumza tofauti na aliyeisikia redioni.

Lakini tumezisikiliza hesabu zao, na tumeona kasoro inayojirudia. Fedha zikionekana hazitoshi, fungu la kwanza kufutwa ni lile la kulala njiani. "Usiku huo tutaendesha," husema, "tutaokoa pesa za gesti." La pili kufutwa ni tairi. Haya mawili ndiyo tuliyokusudia kuyazungumza leo, na tumeona ni vyema tuyazungumze kwa mfano wa safari moja halisi, ili msomaji aweze kuipima kwa kikokotoo chake mwenyewe.

Tuichukue njia inayozunguka: Dar es Salaam hadi Morogoro, kilomita zipatazo 195; Morogoro hadi Iringa kupitia Mikumi, kilomita 310 hivi; Iringa hadi Dodoma kupitia Mtera, takriban 260; kisha Dodoma hadi Dar es Salaam kupitia Gairo na Morogoro, kilomita 450. Jumla ni kilomita 1,200 na ushei, zote za lami. Tukiongeza mizunguko ya mijini, tuseme 1,350. Gari dogo linalokwenda kilomita 12 kwa lita moja litahitaji lita 113. Kwa tahadhari tuandike 120. Bei ya mafuta hubadilika kila mwezi, kwani EWURA hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza, hivyo kila mmoja aweke bei ya mwezi wake. Kwa ajili ya hesabu tu, tukisema shilingi 3,000 kwa lita, tunapata shilingi 360,000. Kwa watu wanne, 90,000 kila mmoja.

Hapa tusimame kidogo, kwani uadilifu unatutaka tuseme jambo ambalo wapenda magari hawapendi kulisikia. Kama nia yenu ni kwenda Dodoma na kurudi tu, treni ya reli ya kisasa iliyoanza safari hizo mwaka 2024 ni mshindani mkubwa. Nauli ya daraja la kawaida iliyotangazwa mwaka huo ilikuwa shilingi 31,000, yaani watu wanne kwenda na kurudi 248,000. Gari nalo, kwa kilomita 900, litakula mafuta ya 225,000 bila kutaja kuchakaa kwake na uchovu wenu. Gari linapata maana kwa sababu ya Iringa, kwa sababu ya kusimama mnapotaka, na kwa sababu mko wanne. Mkiwa wawili, fikirini upya.

Sasa tuje kwenye vyumba. Safari tunayoipendekeza ni ya siku saba na nyakati za usiku sita: Morogoro mmoja, Iringa miwili, Dodoma miwili, na Morogoro tena mmoja wakati wa kurudi. Ni huu wa mwisho ndio unaofutwa. Mtu hutazama ramani, akaona kilomita 450 ni "kutwa moja tu", akasahau kwamba waliochelewa kuondoka Dodoma watalikuta jua limezama wakiwa bado Morogoro au Chalinze. Tukisema chumba kimoja ni shilingi 30,000 na mnahitaji viwili, usiku huo una thamani ya shilingi 15,000 kwa kila mtu. Hicho ndicho kiasi ambacho vijana wanne wanakiokoa kwa kuingia gizani wakiwa wamechoka, wakiongozwa na dereva ambaye pengine hajawahi kuendesha usiku nje ya taa za mjini.

Na giza la barabara kuu si giza la mtaani. Lori lililoharibika huweza kuachwa katikati ya njia bila taa wala pembetatu ya kuakisi, likiwa na matawi ya miti tu yaliyotandazwa hatua chache nyuma yake. Mchana matawi hayo unayaona mbali na kuelewa: mbele kuna gari bovu, punguza mwendo. Usiku unayaelewa ukiwa juu yake. Taa kali za basi linalokuja zinakupofusha kwa sekunde kadhaa, na katika sekunde hizo ndimo aonekanapo mpanda baiskeli asiye na taa, au ng'ombe.

Imepokewa katika mkusanyo wa Imamu Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) aliwaelekeza wasafiri wapitapo penye malisho wampe ngamia haki yake, na wapumzikapo usiku wajitenge na njia, kwa kuwa usiku njia ni mapito ya wanyama na wadudu. Tunajua msomaji mmoja atainua kidole na kutukumbusha upokezi wa Abu Daud unaohimiza mwendo wa usiku, kwamba ardhi hukunjwa wakati huo. Ni kweli umepokewa. Lakini yule aliyeambiwa hivyo alikuwa juu ya ngamia mwenye macho yake, akikimbia jua la jangwani; hakuwa akikutana na semi-trela la tani thelathini. Hekima iliyo katika mapokezi yote mawili ni kumwonea huruma msafiri na chombo chake, na leo huruma hiyo inaelekea kwenye kulala mapema.

Haki ya chombo ndiyo inayotuleta kwenye tairi. Ubavuni mwa kila tairi kuna tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa: 1419 maana yake ni wiki ya 14 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba huweza kuwa na kashata nzuri za kupendeza na huku mpira wake umezeeka na kupasuka nyufa ndogondogo. Likipata moto wa lami ya mchana na uzito wa abiria wanne na mizigo, hupasuka. Asiye na fedha ya tairi nzima basi aahirishe safari, asiahirishe tairi. Upepo ujazwe asubuhi tairi zikiwa baridi, kwa kipimo kilichobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, si kwa kupiga teke. Kisha oili, maji ya rejeta, breki, mkanda wa feni, na tairi la akiba pamoja na jeki yake. Kila mmoja wa wanne abadilishe tairi mara moja nyumbani kabla ya kuondoka. Kujifunzia pembeni mwa barabara kuu, malori yakipita kwa kishindo, ni shida.

Leseni, kadi ya gari, bima, kizima moto na pembetatu viwe mahali pamoja panapofikika. Kama gari ni la kuazima, mwenyewe aambiwe waziwazi mnakwenda wapi na nani ataendesha, na muulizane mapema kama bima ni kubwa au ni ile ndogo ya kumlinda mtu wa tatu tu. Gari la mtu ni amana, na ugomvi mwingi wa ndugu huanzia kwenye bampa.

Kwa dereva ambaye hajatoka nje ya jiji tunashauri safari moja ya majaribio: Dar es Salaam hadi Bagamoyo na kurudi, siku moja, abiria wote na mizigo yote wakiwemo. Gari lililojaa linachelewa kusimama na linachelewa kushika mwendo linapotaka kulipita jingine. Afadhali kulijua hilo Bagamoyo.

Tuanze safari Jumapili, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, barabara ya Morogoro ikiwa bado nyepesi. Malori yatawasubiri mbele, hasa karibu na mizani ya Vigwaza. Hapo dereva mgeni atakutana na lugha ya taa isiyofundishwa darasani: lori lililo mbele yake likiwasha kiashirio cha kulia, mara nyingi linamwambia usipite, kuna gari linakuja, likiwasha cha kushoto, linamwambia pita. Ni wema wa madereva kwa madereva, lakini kiashirio kilekile huweza kumaanisha kwamba lori lenyewe linakata kona. Shukuru kwa ishara, kisha tazama kwa macho yako. Usipoiona njia yote, baki nyuma. Gari la mbele nalo likikumulika taa, utaambiwa na wenzako kwamba kuna askari. Huenda ni ajali, au tembo. Punguza mwendo kwa vyovyote.

Vibao vya 50 katika kila kijiji viheshimiwe, kwanza kwa ajili ya watoto wanaovuka, na pili kwa ajili ya mfuko: faini ya kosa moja, ambayo kwa miaka mingi imekuwa shilingi 30,000, ni sawa na chumba kizima.

Morogoro mtafika kabla ya adhuhuri. Lalieni hapo. Wengi watawacheka kwa kulala baada ya kilomita 195, lakini siku ya kwanza ndiyo siku ambayo kasoro za gari hujitokeza, na Morogoro haina uhaba wa mafundi.

Jumatatu ndiyo siku nzito. Kutoka Msamvu mnashika njia ya Iringa, na baada ya muda barabara inaingia Hifadhi ya Taifa ya Mikumi na kuikata kwa kilomita 50 hivi. Kupita kwenye barabara kuu hakuna kiingilio, na swala, twiga, nyani, mara nyingine tembo, huonekana bila kulipia chochote. Hii ndiyo burudani ya bure kuliko zote katika safari nzima, kwa sharti kwamba hamshuki, hamrushi chakula, na hamvuki mwendo ulioandikwa. Anayemgonga mnyama hutozwa. Baada ya Mikumi mji mnateremka bonde la Ruaha lenye mibuyu, na Ruaha Mbuyuni mtauziwa vitunguu. Nunueni wakati huu kidogo tu, maana nafasi ya buti ni ndogo.

Kisha Kitonga. Tumeipanga safari izunguke kwa upande huu kwa sababu ya mlima huo mmoja. Barabara hii ndiyo inayobeba mizigo ya Zambia na Kongo, na Kitonga ina kona kali na ukingo mwembamba. Anayeipanda hukaa nyuma ya lori linalotambaa, na adui yake ni papara tu. Anayeiteremka ana adui wa pili, yaani breki zinazopata moto, zake na za aliye nyuma yake. Kwa hiyo ipandeni, mtakuwa mmeamka mapema na akili bado ni safi. Milima ya Nyang'oro mtakayoishuka Jumatano kuelekea Mtera nayo inataka adabu, lakini haina msongamano ule wa malori. Kushuka huko ni kwa gia ndogo, na wenye gari la otomatiki waweke 2 au L badala ya kukanyaga breki mfululizo. Ukisikia harufu ya kitu kinachoungua, simama mahali salama upoze.

Jumanne ni ya Iringa. Mwenye kupenda historia aende Kalenga, lilipo fuvu la Mtwa Mkwawa, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Au Isimila, kwenye zana za mawe na nguzo za udongo zilizochongwa na mvua. Jumatano kwenye bwawa la Mtera kuna samaki wa kukaanga, na Alhamisi jijini Dodoma mnaweza kusali katika msikiti mkubwa ujulikanao kwa jina la Gaddafi.

Kuhusu sala, rukhsa ya msafiri ya kupunguza na kujumuisha imewekwa ili itumike. Tumewaona madereva wakikimbiza gari ili wawahi Alasiri katika mji fulani, ilhali wangeweza kuijumuisha na Adhuhuri walipokuwa wamesimama kula. Kituo kimoja cha saa nzima mchana, kwa chakula, sala na dereva kunyoosha mgongo, kinatosha. Na dereva wabadilishane kila saa mbili, hata yule anayeapa kwamba hajachoka.

Wakitoka watatu safarini wamefundishwa kumteua mmoja wao awe kiongozi. Mteueni, na mteue mwingine wa kutunza fedha na daftari. Kiongozi ndiye mwenye neno la mwisho juu ya saa ya kuondoka na juu ya kulala, na hilo lijulikane kabla ya kuwasha gari. Mtunza fedha aweke pembeni fungu la dharura lisilopungua robo ya gharama zote, nusu kwenye simu na nusu taslimu, kwani fundi wa kijijini huenda asipate mtandao.

Miezi bora ni Juni hadi Oktoba. Mvua zikianza kuwa kubwa, ulizieni njia ya Gairo kabla ya kuondoka Dodoma. Mafuriko ya Januari 2014 yaliikata barabara hiyo pale Dumila, na waliokuwa njiani walikwama.

Ijumaa ondokeni Dodoma alfajiri. Kibaigwa mtapita kwenye soko kubwa la mahindi, na Dumila nyanya ni rahisi. Sala ya Ijumaa mtaipata Morogoro, na hapo mlale, hata kama jua lingali juu na mmoja wenu anasema Dar es Salaam ni karibu. Jumamosi, kabla ya adhuhuri, mtakuwa nyumbani. Gari lioshwe, tangi lirudishwe lilipokuwa, na daftari lisomwe mbele ya wote wanne kabla yeyote hajashusha begi lake. Kilichobaki kwenye fungu la dharura kigawanywe sawa.