Ushuru wa Magari: Nani Analipa, Nani Anafaidika?



Mara kwa mara tunasikia kwamba wakati umefika kwa nchi za Afrika Mashariki kutengeneza magari yao wenyewe. Machi 2016, wakuu wa nchi za Jumuiya walipokutana Arusha, waliagiza hatua zichukuliwe ili kupunguza uingizaji wa nguo na viatu vya mitumba, pamoja na magari yaliyokwisha kutumika, ili viwanda vya hapa vipate nafasi ya kukua. Jambo hilo linatugusa sisi wa Buyenzi moja kwa moja. Mafundi wa injini, wanyosha bodi, wachomeleaji, wapaka rangi na wauza vipuri wa mtaa huu wote wanakula kwa magari hayo hayo. Basi tuielewe siasa ya kulinda viwanda kabla hatujaipigia makofi au kuilaani.

Kulinda kiwanda ni nini?

Serikali hulinda kiwanda cha nyumbani kwa njia tatu kubwa: hutoza ushuru wa forodha kwa bidhaa za nje, huweka kiasi ambacho hakiruhusiwi kupita, au hupiga marufuku kabisa. Nchi za Jumuiya zilianza ushuru wa pamoja mwaka 2005. Burundi iliingia katika Jumuiya mwaka 2007, na mwaka 2009 ikaanza kuutumia ushuru huo. Ngazi zake zilikuwa tatu: asilimia 0 kwa malighafi, 10 kwa bidhaa zilizotengenezwa nusu, na 25 kwa bidhaa zilizokamilika. Mwaka 2022 iliongezwa ngazi ya nne, asilimia 35.

Tuchukue mfano mdogo. Gari likihesabiwa forodhani kuwa na thamani ya faranga milioni 10, ushuru wa asilimia 25 ni milioni 2 na nusu, mbali na kodi nyingine. Mwenye gari hatoi fedha hizo mfukoni mwake akanyamaza. Atazirudisha katika nauli. Mwenye lori atazirudisha katika bei ya kusafirisha maharage, unga na saruji. Mwishowe anayelipa ni mpanda basi wa Bujumbura na mchuma chai wa Teza, ambaye labda hatamiliki gari maisha yake yote.

Kwa hiyo tuseme wazi: ushuru wa kulinda kiwanda ni mkopo. Wafanyakazi na wakulima wanamkopesha mwenye kiwanda. Na kila mkopo una siku ya kulipwa.

Somo la Kenya

Katika miaka ya 1970 jirani zetu wa Kenya walianzisha viwanda vitatu vya kuunganisha magari: Leyland mjini Thika, General Motors mjini Nairobi, na Associated Vehicle Assemblers mjini Mombasa. Serikali ilikuwa na hisa humo. Sehemu za gari zilifika kutoka ng'ambo zikiwa vipande vipande, zikaunganishwa na mikono ya Wakenya. Faida ilionekana: watu walipata kazi na ufundi, na vikatokea viwanda vya matairi, betri, springi, viti na rangi. Lakini soko lilikuwa dogo na aina za magari zilikuwa nyingi mno. Kila aina iliuzwa kwa idadi ndogo, na bei ikabaki juu.

Mwaka 1986 Rais Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kitengeneze gari la Kenya. Mwaka 1990 gari hilo, Nyayo Pioneer, lilionyeshwa hadharani. Wataalamu walithibitisha kwamba Mwafrika anaweza. Lakini yalitengenezwa machache ya majaribio tu. Fedha za kuyatengeneza kwa wingi hazikupatikana. Kisha katika miaka ya 1990 milango ya biashara ilifunguliwa, magari yaliyotumika kutoka Japani yakamiminika, na viwanda vya kuunganisha vikapungukiwa na kazi. Walioachishwa hawakuwa waliopanga siasa hiyo.

Somo la Korea

Korea ya Kusini ilifuata njia nyingine. Kampuni ya Hyundai ilianza kwa kuunganisha magari ya Ford mwaka 1968, na katikati ya miaka ya 1970 ikatoa gari lake, Pony. Serikali ilifunga mlango kwa magari ya kigeni, lakini iliwabana wenye viwanda wauze nchi za nje. Wahenga wetu walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Korea iliwapa wenye viwanda jembe.

Hata hivyo tusisifu bila kutazama. Jembe zito zaidi alipewa mfanyakazi. Saa za kazi zilikuwa ndefu, na vyama huru vya wafanyakazi vilizuiwa. Ilibidi wafanyakazi wa Hyundai wa mji wa Ulsan, pamoja na maelfu ya wenzao nchi nzima, wagome mwaka 1987 ndipo haki yao ikaanza kutambuliwa.

Sisi tudai nini?

Hatukatai viwanda. Hapa Bujumbura tunakumbuka COTEBU, na namna kufungwa kwake katika miaka ya 2000 kulivyoziumiza familia nyingi. Tunakataa kulipa mkopo usio na masharti. Kila panapotajwa kulinda kiwanda cha magari, tuulize mambo manne:

Kwanza, ulinzi huo utadumu miaka mingapi, na bei itashuka lini?

Pili, ni sehemu gani za gari zitatengenezwa hapa kwetu? Kufunga skurubu peke yake si kutengeneza gari.

Tatu, mafundi wa Buyenzi watawekwa wapi? Mtu aliyejifunza kazi chini ya gari anastahili kupimwa, kupewa cheti na kuingizwa kiwandani. Asiondolewe barabarani kama takataka.

Nne, mkataba wa mwenye kiwanda na serikali utakuwa na neno gani juu ya mshahara, usalama kazini na haki ya kuwa na chama?

Maswali haya yaulizwe kabla mkataba haujatiwa sahihi, maana baadaye hayatakuwa na nguvu. Tuyazungumze katika karakana, mashambani na katika mikutano ya matawi yetu. Anayelipa ushuru ana haki ya kudai hesabu.