Kompyuta imemeza gunia 40 za mzee!

Tuseme mkulima anapiga simu kutoka Usangu kuulizia mpunga wake. Karani wa stoo pale Iyunga anabonyeza kitufe kimoja tu, kompyuta inajibu: hakuna kitu. "Shikamoo mzee, lakini wewe hapa huna hata gunia." Mzee wa watu kashusha gunia 40 kwa mkono wake, risiti anayo. Mwizi nani?

Msomaji, huenda mwizi hayupo kabisa. Kisanga hiki kinaweza kuikumba stoo yoyote inayoweka mahesabu kwenye Excel.

Excel ni daftari tu: tarehe, jina, zao, gunia, fedha. Mwanzoni unalipitia kwa macho. Msimu ukikolea mistari inafika elfu nane, macho yanasalimu amri. Hapo bosi anatafuta kijana amwandikie makro, na Iyunga vijana wa hivyo hawakosekani maana Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya kiko papo hapo. Makro ni maagizo yanayoandikwa mara moja, kisha kompyuta inayarudia kila ukibonyeza. Tangu 1993 Excel inayapokea kwa lugha ya Visual Basic.

Kijana mjanja huchomeka humo swali la SQL, lugha ya kuhoji hifadhidata iliyobuniwa na Donald Chamberlin na Raymond Boyce wa IBM miaka ya 1970. Jina la karatasi linafungwa kwa mabano ya mraba na alama ya dola mwishoni, halafu unauliza. SELECT: nichagulie jina na gunia. FROM: kutoka karatasi ya mapokezi. WHERE: pale ambapo zao ni mpunga. Kufumba na kufumbua, jibu hilo! Raha yake usipime.

Sasa balaa. Kati ya swali na karatasi kuna programu ya kupokezana, wenyewe wanaiita draiva. Draiva huyu kwa kawaida hutazama mistari 8 ya mwanzo tu, akakisia: hii safu ni ya namba. Akishaamua, neno lolote atakalolikuta huko chini analisoma kama patupu. Karani akiandika 40, poa. Akiandika "40 lumbesa", imekula kwa mzee! Wala kompyuta haipigi kelele.

Na usidhani ni ushamba wetu. Uingereza, Oktoba 2020, wagonjwa wa korona karibu 16,000 waliachwa nje ya hesabu kwa sababu faili la Excel la aina ya zamani hukomea mstari wa 65,536. Waliokaa karibu nao wakachelewa kutafutwa. Ugonjwa ni uleule: kilichozidi kinadondoka kimyakimya.

Dawa? Safu ya gunia iwe ya namba tupu, na lumbesa ipewe safu yake ya maelezo (lumbesa yenyewe serikali inaipiga vita kila msimu, lakini hayo tuyaache). Halafu mwambie kijana aongeze swali la pili kwenye makro: nionyeshe kila mstari wenye jina la mkulima lakini gunia patupu. Bonyeza hilo kabla ya siku ya malipo. Majina yakitoka, fungua kitabu cha risiti, mmoja mmoja.