UFALME WA BHUTAN: MAELEZO KWA WANAOKUSUDIA KUUTEMBELEA

Ufalme wa Bhutan ni nchi ndogo ya milima iliyopo mashariki mwa safu ya Himalaya, baina ya China kwa upande wa kaskazini na India kwa upande wa kusini. Eneo lake ni kilomita za mraba zipatazo 38,000, na wakaazi wake hawafiki 800,000. Wengi wao ni wafuasi wa dini ya Buddha. Mtu anayekwenda huko kwa kazi, masomo au matembezi hukutana na masharti yasiyo ya kawaida katika nchi nyingine, kubwa miongoni mwao ikiwa ni ada inayotozwa kwa kila usiku wa kukaa nchini. Maelezo yafuatayo yanafafanua masharti hayo pamoja na sababu zake, kwani sharti lenye sababu inayojulikana huwa jepesi kulitekeleza.

Asili ya tahadhari

Mabonde ya Bhutan yaliunganishwa katika karne ya 17 na Zhabdrung Ngawang Namgyal, mtawa aliyetoka Tibet mwaka 1616. Ngome kubwa zilizojengwa zama hizo, ziitwazo dzong, zinatumika hadi leo. Ndani yake mna afisi za utawala wa wilaya na makaazi ya watawa. Mwaka 1907 Ugyen Wangchuck alichaguliwa kuwa mfalme wa kwanza, na ukoo wake ndio unaotawala mpaka sasa.

Bhutan imeshuhudia majirani zake wakipoteza utawala wao. Tibet iliingia chini ya China katika miaka ya 1950, na ufalme wa Sikkim, wenye dini na desturi zinazokaribiana na zake, ulifanywa jimbo la India mwaka 1975. Bhutan yenyewe ilijiunga na Umoja wa Mataifa mwaka 1971. Viongozi wake waliona kwamba nchi ndogo isiyo na jeshi kubwa wala mali nyingi haina budi kujilinda kwa lugha, mavazi na mila zake. Ndiyo maana milango ilifunguliwa pole pole: watalii waliruhusiwa mwaka 1974, na televisheni ikaanza mwaka 1999. Katiba ilipitishwa mwaka 2008, na tangu hapo Serikali huongozwa na Waziri Mkuu anayetokana na Bunge lililochaguliwa na wananchi. Mkuu wa Nchi ni Mfalme Jigme Khesar Namgyel Wangchuck.

Viza na ada

Isipokuwa raia wa nchi chache jirani, kila mgeni hutakiwa kuomba viza kabla ya kusafiri, ama mwenyewe au kupitia wakala wa safari. Malipo ya maombi ni dola 40 za Marekani. Juu ya hayo hulipwa Ada ya Maendeleo Endelevu. Ada hiyo ilikuwa dola 65 kwa usiku, ikapandishwa kuwa dola 200 mwezi wa Septemba 2022, kisha ikateremshwa kuwa dola 100 mwezi wa Septemba 2023. Kiwango hicho kimetangazwa kuendelea hadi mwisho wa Agosti 2027. Watoto wa umri wa miaka 6 hadi 11 hulipiwa nusu, na walio chini ya hapo hawalipiwi.

Inafaa ieleweke kuwa ada hiyo si malipo ya hoteli, chakula, gari wala mwongozaji. Fedha hizo huingia katika mfuko wa Serikali na kusaidia huduma kama matibabu na elimu, ambazo wananchi hupewa bila ya malipo. Kwa hiyo, mtu mzima mmoja atakayekaa usiku 5 atalipa dola 540 kabla ya kulipia kitanda na mlo. Lengo lililokusudiwa tangu mwanzo ni kupokea wageni wachache wanaoiletea nchi faida kubwa, badala ya wageni wengi wanaoiachia taka na msongamano. Kwa kuwa viwango hubadilishwa, msafiri athibitishe kiwango kilichopo kabla ya kununua tiketi.

Fedha ya nchi ni ngultrum, ambayo thamani yake ni sawa na rupia ya India. Ni vigumu kuibadilisha nje ya Bhutan. Hivyo haifai kubakisha nyingi wakati wa kuondoka.

Safari na afya

Hakuna ndege inayotoka Afrika Mashariki moja kwa moja hadi Bhutan. Wasafiri hupitia miji kama Delhi, Kathmandu au Bangkok, na kutua Paro. Uwanja huo umo katika bonde jembamba, na ni marubani waliopata mafunzo maalumu tu wanaoruhusiwa kutua hapo. Mawingu au upepo huweza kuahirisha safari. Kwa sababu hiyo ni busara kuacha siku moja ya akiba kabla ya ndege ya kuunganisha. Aidha, msafiri achukue cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na aulizie mapema masharti ya nchi atakayopitia.

Paro na mji mkuu, Thimphu, ziko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,200. Mkaazi wa kisiwani aliyezoea usawa wa bahari huenda akachoka upesi, akaumwa na kichwa au akakosa usingizi. Siku mbili za mwanzo ziwe za mapumziko, maji mengi na mwendo wa taratibu. Monasteri mashuhuri ya Taktsang, iliyojengwa mwaka 1692 kwenye jabali, ipo juu ya mita 3,000 na hufikiwa kwa kupanda kwa miguu. Haifai kuiendea siku ya kwanza. Anayepumua kwa shida au kutapika ateremshwe mara moja na kupelekwa kwa daktari. Wenye maradhi ya moyo au ya kifua wapate ushauri wa daktari kabla ya kuondoka nyumbani.

Miezi ya Machi hadi Mei, na Oktoba na Novemba, ndiyo yenye hali nzuri ya hewa. Mvua kubwa hunyesha baina ya Juni na Septemba, na nyakati hizo barabara za milimani huporomokewa na udongo.

Adabu na chakula

Wanaume huvaa vazi liitwalo gho na wanawake huvaa kira, khasa katika afisi na ndani ya dzong. Mgeni halazimiki kuvaa hivyo, bali hutakiwa kusitiri mikono na miguu, kuvua kofia na viatu anapoingia hekaluni, na kutopiga picha ndani ya vyumba vya ibada. Minara ya ibada huzungukwa kwa kuiweka upande wa kulia.

Chakula cha kawaida ni wali mwekundu na ema datshi, mchuzi wa pilipili na jibini. Pilipili huko ni mboga yenyewe, si kiungo. Nyama ya nguruwe huliwa sana na nyama ya halali si rahisi kuipata, lakini vyakula visivyo na nyama vipo kila mahali. Anayetaka kukataa kinywaji au chakula hufunika mdomo kwa mikono na kusema "meshu meshu", mwenyeji hatachukizwa.

Milima nayo ina heshima yake, kwani huaminiwa kuwa ni makaazi ya miungu. Kupanda vilele vyake kulipigwa marufuku kabisa mwaka 2003. Kilele cha Gangkhar Puensum, chenye mita 7,570, hakijawahi kufikiwa na mtu.

Gharama ya kujilinda

Bhutan inajulikana kwa kauli ya Mfalme wa nne kwamba furaha ya taifa ni muhimu kuliko wingi wa pato. Hata hivyo, msafiri asidhani kuwa nchi hiyo haina majonzi. Sera ile ile ya kulinda mila iliwaumiza Lhotshampa, wakaazi wa kusini wenye asili ya Nepal. Mwishoni mwa miaka ya 1980 waliamriwa kuvaa mavazi ya kitaifa, lugha yao ikaondolewa skuli, na wengi wakakataliwa uraia. Zaidi ya watu 100,000 waliishia katika kambi za wakimbizi nchini Nepal. Kuanzia mwaka 2007 wengi wao walihamishiwa nchi nyingine, khasa Marekani. Serikali ya Bhutan ilieleza kuwa wengi wa waliokuwamo kambini hawakuwa raia. Wenyewe wanasema walifukuzwa kwao. Katika miaka ya karibuni vijana wengi wamekwenda Australia kutafuta kazi na masomo.

Mambo hayo yanahitaji kujulikana na kila mgeni, ingawa si mazungumzo ya kuanzisha mezani kwa mwenyeji. Msafiri anashauriwa kusikiliza zaidi ya kusema, kufuata maelekezo ya mwongozaji wake, na kutunza risiti zote za ada mpaka atakapovuka mpaka kurudi.